Hawkeye na Margaret: kwa nini mashabiki hawajakubaliana hadi leo

Mtu akimaliza misimu yote 11 ya M*A*S*H, kichekesho cha televisheni cha Marekani, awe ameijaza kwenye flashi pale duka la sinema mtaani au ameivuta mwenyewe kwenye intaneti, hubaki na swali ambalo hata kumalizika kwa vita hakukulijibu. Kepteni Hawkeye Pierce na Meja Margaret Houlihan walipendana? Kama walipendana, mbona siku ya mwisho kila mmoja alishika njia yake? Mashabiki wamevutana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka 40. Wapo waliokwisha kuwaozesha zamani, wakawapa na nyumba na watoto kule Maine, kwao Hawkeye. Wapo wanaoshikilia kwamba ule ulikuwa ujamaa wa kambini tu. Na wapo wachache, wakaidi kwelikweli, wanaosema wote wamekosea: Margaret alikuwa wa Charles, daktari mwingine wa kambini.

Mimi naipenda hadithi hii kwa dhati, na ubishi huu siuoni kuwa upuuzi wa watu wasio na kazi. Kila upande una ushahidi wa kweli. Kinachotatiza ni kwamba ushahidi wenyewe hautoki mahali pamoja. Mwingine umo ndani ya hadithi, mwingine umezaliwa na mikataba ya waigizaji, mwingine umetokana na amri za kituo cha televisheni, na mwingine na historia ya vita vyenyewe. Ukiuchanganya wote, mtabishana mpaka asubuhi. Ukiutenga, mengi yanafunguka.

Kwa asiyekijua kipindi hiki: kilianza kurushwa na kituo cha CBS cha Marekani mwezi Septemba 1972, kikafungwa tarehe 28 Februari 1983 baada ya sehemu 256. Ni kichekesho kinachohusu madaktari na wauguzi wa hospitali ya upasuaji ya jeshi inayohamahama, namba 4077, wakati wa Vita vya Korea. Hawkeye, aliyeigizwa na Alan Alda, ni daktari aliyeingizwa jeshini kwa lazima, mpenda pombe na wanawake, na mwenye kuvichukia vita kwa moyo wake wote. Margaret, aliyeigizwa na Loretta Swit, ni mkuu wa wauguzi, binti wa mwanajeshi, anayeamini nidhamu. Mwanzoni hawaelewani hata kidogo. Margaret ana mapenzi ya siri na Meja Frank Burns, ambaye mke wake yuko Marekani, siri ambayo kambi nzima inaijua. Hawkeye na mwenzake Trapper kazi yao ni kuwachokoza hao wawili.

Kabla ya televisheni palikuwa na riwaya, iliyotoka 1968, halafu filamu ya 1970. Kwenye riwaya Hawkeye ana mke na watoto nyumbani. Kwenye televisheni ni kapera. Kwa hiyo anayenukuu riwaya ili kuthibitisha au kukanusha mapenzi ya Margaret anazungumzia mtu mwingine mwenye jina lilelile, na hoja yake tuiweke pembeni.

Sisi tuliokulia kota za askari hapa Uganda, ambako Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watoto wa Kiacholi, Kinyankole, Kigisu na Kilugbara kwenye uwanja mmoja wa mpira, tuna faida moja tunapotazama kipindi hiki. Mtazamaji wa kawaida huona mwanamume na mwanamke wanaogombana. Mtoto wa kota huona meja na kepteni. Margaret ni mkubwa wa Hawkeye kwa cheo. Anapopita, huyo kepteni anapaswa kusimama sawasawa, lakini yeye hubaki amejilaza kwenye kiti na kumrushia maneno. Mashabiki wengi wanaotafuta dalili za mapenzi huhesabu macho, tabasamu na kuguswa mkono. Mimi nasema dalili ya kwanza iko kwenye cheo. Misimu ya mwanzo Hawkeye hamheshimu Margaret hata kama muuguzi mkuu. Misimu ya baadaye anamheshimu kazini, anamtegemea kwenye meza ya upasuaji, na lile jina la utani la kumfedhehesha, "Hot Lips", linapotea taratibu midomoni mwa watu. Aliyeishi kambini anajua jambo hilo lina uzito gani. Askari anayekataa kumpigia saluti afande wake kisha akaanza kumsikiliza kwa hiari, ndani yake kuna kitu kimebadilika.

Na cheo kinaeleza mengine pia. Wauguzi wa kikosi cha uuguzi cha jeshi la Marekani walikuwa maofisa wote. Radar, koplo, na Klinger, ambaye naye si ofisa, hawakuruhusiwa kuchumbiana nao waziwazi. Ndiyo maana mapenzi karibu yote ya kipindi hiki yanazunguka miongoni mwa madaktari na wauguzi, na ndiyo maana ndoa ya Klinger mwishoni ni ya msichana wa Kikorea, Soon-Lee. Waandishi hawakuyabuni haya ili kunogesha mambo. Waliyakuta kwenye jeshi lenyewe.

Kuna sheria nyingine iliyokuwa kali zaidi. Mwezi Aprili 1951 Rais Harry Truman alitia saini amri iliyoruhusu jeshi kumwachisha kazi mwanamke aliyepata mimba. Kwenye msimu wa sita iko sehemu iitwayo "What's Up, Doc?", ambamo Margaret anahofia kuwa ana mimba ya mume wake. Hofu yake si ya mtoto peke yake. Anaogopa kupoteza jeshi, na jeshi ndiyo maisha yake. Katika hofu hiyo anamwendea Hawkeye. Mashabiki wanaowaozesha huitaja sehemu hii kila mara, na wana haki. Mwanamke hamwambii mtu yeyote tu siri inayoweza kumfukuzisha kazi. Lakini tuwe waangalifu: Hawkeye ni daktari, na katika kambi ile ndogo Margaret hakuwa na wengi wa kuwakimbilia. Tukio hilo linathibitisha kwamba alimwamini. Kama aliwahi pia kumtaka, hilo linahitaji ushahidi wake lenyewe.

Ugumu wa kusoma mapenzi katika kichekesho cha enzi zilizopita ni kwamba kuna enzi mbili ndani yake kwa wakati mmoja. Wahusika wanaishi 1951, waandishi wanaishi 1976. Wakati M*A*S*H inaanza, Marekani bado ilikuwa inapigana Vietnam, na kila mtazamaji alijua Korea ya kwenye kioo ndiyo Vietnam ya kwenye habari. Na katika miaka hiyohiyo wanawake wa Marekani walikuwa wanadai nafasi zao kazini na nyumbani. Margaret wa 1972 alikuwa kichekesho cha wanaume: mwanamke mkali anayedhihakiwa kwa mapenzi yake ya siri. Loretta Swit hakuridhika na hilo, akasukuma mhusika wake akue.

Sehemu inayoonyesha mabadiliko hayo waziwazi inaitwa "The Nurses", ya msimu wa tano, mwaka 1976. Margaret amewabana wauguzi wake kwa adhabu, wao wakamdanganya ili mmoja wao apate usiku mmoja na mume aliyepita kambini. Anapogundua, badala ya kuwachongea, anawamwagia uchungu wake: hamjawahi hata siku moja kunikaribisha kikombe cha kahawa. Naitaja kwa sababu hapa hakuna mapenzi ya Hawkeye wala busu, na bado nadhani ndipo mlango wa mapenzi yote yaliyofuata ulipofunguka. Kabla ya hapo Margaret alikuwa shabaha ya mizaha. Baada ya hapo ni mtu mpweke, na mtu mpweke anaweza kupendwa.

Sasa twende kwenye kalenda, maana hapa ndipo ubishi mwingi unapozaliwa bila wabishi wenyewe kujua.

Vita vya Korea vilianza 25 Juni 1950, mapigano yakasimamishwa 27 Julai 1953. Ni miezi 37. Kipindi kilidumu miaka 11. Waandishi walilazimika kuijaza miaka 11 ya hadithi ndani ya miaka mitatu ya vita, na hawakuwa na daftari la tarehe. Kanali Potter, mkuu mpya wa kambi, anapofika mwanzoni mwa msimu wa nne, tarehe inatajwa wazi: 19 Septemba 1952. Ukiishika tarehe hiyo, inabaki miezi kumi tu hadi mapigano kusimama, na ndani yake lazima uingize misimu minane. Margaret achumbiwe, aolewe, asalitiwe, apewe talaka, Frank aondoke, Charles aje, Radar arudi nyumbani. Yote hayo kwa miezi kumi!

Halafu mwaka 1980 ikaja sehemu ya "A War for All Seasons", inayopita mwaka mzima wa 1951 kuanzia mkesha wa mwaka mpya. Potter yumo, B.J., daktari aliyechukua nafasi ya Trapper, yumo, Charles yumo. Yaani watu ambao kwa kalenda ya kwanza walifika mwisho wa 1952 au baadaye, wanasherehekea pamoja kuingia kwa 1951. Kalenda mbili hizi haziwezi kuwa kweli zote.

Hili linahusuje mapenzi? Linahusu sana, na nashangaa wachache wanaolitazama. Usiku mmoja maarufu ambao Hawkeye na Margaret walikumbatiana chini ya mabomu unatokea katikati ya msimu wa sita, Margaret akiwa ameolewa karibuni. Ukifuata kalenda ya Potter, kati ya usiku huo na siku ya kuagana kuna miezi michache tu. Busu la mwisho basi ni moto ambao haujazimika. Ukifuata kalenda ya 1951, kati ya matukio hayo mawili kuna miaka zaidi ya miwili ya kufanya kazi bega kwa bega, kugombana, kupatana, kuzika na kuokoa. Busu lilelile linakuwa la watu waliojuana mpaka wakapita uchumba, wakawa kama ndugu. Mashabiki wawili wanaweza kutazama picha moja, mmoja akaona wapenzi, mwingine akaona marafiki wa kufa na kuzikana, na tofauti yao ikawa ni kalenda waliyoibeba kichwani. Hakuna mwenye macho mabovu hapo.

Mikataba ya waigizaji nayo imeandika mapenzi mengi kuliko tunavyokubali. Wayne Rogers, aliyeigiza Trapper, aliondoka 1975. Larry Linville, aliyeigiza Frank Burns, alimaliza mkataba wake wa miaka mitano mwaka 1977 na hakuongeza mwingine. Frank hakuonekana tena. Tuliambiwa tu, mwanzoni mwa msimu wa sita, kwamba alirukwa na akili baada ya Margaret kuolewa, akarudishwa Marekani, na juu ya hayo akapandishwa cheo kuwa luteni kanali. Basi hadithi ya Frank na Margaret ikaisha kwa simu na uvumi. Mashabiki wa Frank na Margaret, nao wapo, hulalamika kwamba hawakupewa mwisho, na malalamiko yao ni halali.

Mume wa Margaret, Luteni Kanali Donald Penobscott, ni mfano mzuri zaidi. Alionekana kwenye kioo mara mbili tu, na mara zote mbili aliigizwa na mtu tofauti: kwanza Beeson Carroll siku ya harusi, halafu Mike Henry. Mtazamaji angewezaje kuiamini ndoa ambayo mume wake hana hata sura moja? Waandishi walimhitaji Donald ili Margaret atoke mikononi mwa Frank, basi. Walipomtoa, hawakuwa na kazi naye tena. Pengo hilo ndilo mashabiki walilojaza kwa Hawkeye, na si ajabu: mume hayupo, Hawkeye yuko kila siku, kila sehemu, kila meza ya upasuaji. Kati ya waigizaji wakuu, Alda na Swit peke yao ndio walioonekana katika sehemu ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa. Watu wawili wakikaa mbele ya macho yetu kwa miaka 11, lazima tutaulizana habari zao.

Turudi kwenye usiku wenyewe. Sehemu inaitwa "Comrades in Arms", ilirushwa kwa vipande viwili Desemba 1977, na mwandishi wake ni Alan Alda mwenyewe. Hawkeye na Margaret wanatumwa kwenye hospitali nyingine kuonyesha namna ya upasuaji wa mishipa ya damu. Wanakuta hospitali imekwisha kuhama. Gari lao la jeshi linawaharibikia, wanajificha kwenye kibanda kitupu huku mizinga ikilia. Margaret anabeba uchungu wa barua: mume wake amemwandikia mwanamke mwingine, ikaangukia mikononi mwake. Mabomu yanakaribia, hofu inawashika, wanakumbatiana na kubusiana. Kamera inaondoka. Asubuhi inaingia.

Nini kilitokea katikati? Kipindi hakikuonyesha, na kwa televisheni ya 1977 kisingeonyesha. Lakini kinachofuata kinasema mengi kuliko usiku. Asubuhi Margaret amelainika na anataka ukaribu. Hawkeye anaanza kusita, anatafuta pa kupumulia. Wakirudi kambini wanakasirikiana kama zamani, kisha mwishoni wanakaa wakakubaliana kuwa marafiki. Wanaowaozesha husimama kwenye busu na kusahau makubaliano. Wanaowakataa husimama kwenye makubaliano na kujifanya hawakuona busu. Mimi naona sehemu hii ni kamili ikisomwa yote: watu wawili waligundua kwamba wanaweza kupendana, na wakagundua kwa siku hiyohiyo kwamba hawataweza kuishi pamoja. Alda alikuwa na nafasi ya kuandika uchumba, kalamu ilikuwa mkononi mwake. Akachagua urafiki wenye kovu.

Baada ya hapo kipindi kilirudi kwenye desturi ya vichekesho vya miaka ile: kila wiki mambo huanza upya. Kituo kilitaka mtu aweze kuwasha televisheni wiki yoyote na kuelewa, hivyo jambo zito la wiki hii halikulazimika kukumbukwa wiki ijayo. Hili linawachanganya sana watazamaji wa leo waliozoea tamthilia ndefu za Ufilipino au Uturuki, ambamo kofi la sehemu ya 12 hulipizwa sehemu ya 90. Ukimya baada ya "Comrades in Arms" wanausoma kama siri inayofichwa. Mara nyingi ni desturi ya utengenezaji tu. Nasema mara nyingi kwa sababu M*A*S*H ilikuwa inaivunja desturi hiyo kidogo kidogo. Uhusiano wa wawili hao haukurudi kabisa ulikokuwa. Walibaki wapole zaidi kwa kila mmoja, na upole huo unaonekana.

Kisha kuna kicheko. Kwa mtazamaji wa Uganda sehemu hii ya hadithi ina maana ya pekee.

CBS ilidai kipindi kiwekewe kicheko cha kurekodiwa, kile kinachosikika nyuma ya mazungumzo. Watengenezaji hawakukitaka. Wakapatana: kicheko kiwepo, ila kisisikike kamwe ndani ya chumba cha upasuaji. Uingereza, BBC ilikirusha kipindi bila kicheko hicho. Kwa hiyo kwa miaka mingi Mmarekani na Mwingereza walikuwa wanatazama vitu viwili. Hawkeye anamtupia Margaret neno la kimahaba mbele ya hema la chakula. Mmarekani anasikia umati ukicheka, anajua ni utani. Mwingereza anasikia kimya, anamwona mwanamume akisema jambo analolimaanisha kisha akaona haya. Maneno hayakubadilika, waigizaji hawakubadilika. Kilichobadilika ni ule umati usioonekana unaotuambia tuhisi nini.

Sisi tunaujua uwezo wa sauti kama hiyo. Katika bibanda, yaani vibanda vya sinema, vya Kampala na miji mingine, VJ hukaa juu ya filamu na kuisimulia kwa Kiganda, akieleza nani ni nani, akiongeza utani wake, akimpa mhusika nia ambayo mwandishi hakuiandika. Mwigizaji anatazama dirishani, VJ anasema huyu anamfikiria yule binti wa jana, na ukumbi mzima unaamini, na mapenzi yanakuwepo tangu hapo. Simlaumu VJ, kazi yake ni sanaa na ndiyo iliyotufungulia sinema wengi wetu. Lakini mtu aliyelelewa na VJ anapaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba kicheko cha CBS nacho ni msimulizi, na kwamba anayesema "walikuwa wanataniana tu" huenda hakuamua hivyo mwenyewe, bali kicheko kilimwamulia.

Sehemu ya mwisho, "Goodbye, Farewell and Amen", iliongozwa na Alda, ikaendelea kwa saa mbili na nusu pamoja na matangazo, na inakadiriwa Wamarekani karibu milioni 106 waliitazama usiku ule. Vita vinaisha. Kila mtu anasema anakokwenda. Baba yake Margaret amemtafutia vyeo vikubwa kwingine kwa kutumia jina lake, na Margaret anavikataa vyote. Anachagua hospitali nchini Marekani, kwa uamuzi wake mwenyewe. Hawkeye anarudi kijijini kwao Crabapple Cove kuwa daktari wa watu anaowajua kwa majina. Charles anampa Margaret kitabu cha mashairi, na hapo ndipo wale wakaidi wachache wanapopata nguvu. Nawaelewa: ni tendo la heshima kubwa kutoka kwa mtu mwenye majivuno. Ila halina mizizi ya kutosha nyuma yake.

Halafu linakuja busu. Hawkeye na Margaret, mbele ya wenzao, wanabusiana kwa zaidi ya nusu dakika bila neno. Wenzao wanabaki wamesimama hawajui watazame wapi.

Wanaowaozesha husema: busu la namna hiyo si la marafiki. Nakubaliana nao. Lakini lazima tuulize ni nani anayebusiana pale. Ndani ya hadithi ni kepteni na meja waliopitia vita pamoja. Nje ya hadithi ni Alan Alda na Loretta Swit, wawili waliobaki tangu siku ya kwanza, wakiiaga kazi ya miaka 11 mbele ya kamera ambayo Alda mwenyewe aliiongoza. Kuaga kuwili kumeingia kwenye busu moja, na ndiyo maana linaonekana kubwa kuliko uhusiano uliolitangulia. Anayelichukua lote akamkabidhi Hawkeye, anampa na sehemu isiyo yake.

Vichekesho vingine vya enzi vimekwama kwenye matope hayohayo. That '70s Show ilitumia misimu minane, 1998 hadi 2006, kupita miaka ya 1976 hadi 1979. Jackie akapita kwa Kelso, kwa Hyde, akaishia kwa Fez, huku Topher Grace na Ashton Kutcher wakiwa wamekwisha kuondoka kama waigizaji wa kudumu kabla ya msimu wa mwisho. Mwaka 2023 muendelezo wake ukaja na kumrudisha Jackie kwa Kelso. Kutcher na Mila Kunis, walioigiza Kelso na Jackie, ni mume na mke katika maisha halisi, na bila shaka hilo lilirahisisha mambo. 'Allo 'Allo! ya Uingereza, iliyofungwa 1992, ilimaliza ubishi kwa kumtorosha René, mwenye mkahawa, na mhudumu wake Yvette wakiwa wazee, wakamwacha Edith, mke wa René. Waandishi hao walijibu. Kujibu kwao hakukuwanyamazisha mashabiki.

M*A*S*H haikujibu. Muendelezo wake, AfterMASH, wa 1983 hadi 1985, uliwachukua Potter, Klinger na Padri Mulcahy. Hawkeye na Margaret hawakuwemo. Kwa hiyo hakuna ukurasa wowote wa hadithi ya televisheni unaosema walionana tena au hawakuonana, na mtu akikuambia ana uhakika, muulize ameutoa wapi.

Msimamo wangu ni huu. Walipendana, ndiyo, na hadithi inalionyesha kuanzia pale Hawkeye alipoanza kumheshimu Margaret kazini hadi siku ya kuagana. Kuoana ni jambo jingine, na hadithi ililikataa waziwazi mara mbili: walipokubaliana baada ya kibanda, na kila mmoja alipochagua kazi yake mwishoni. Margaret aliyevikataa vyeo vya baba yake hangekwenda kuwa mke wa daktari wa kijiji ili mashabiki wafurahi, na sherehe ya kwanjula, ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, tunayowaandalia vichwani mwetu ingemrudisha kuwa yule wa 1972, mwanamke anayepimwa kwa mwanamume aliye naye. Anayetaka kunipinga, na nitafurahi akinipinga, aanze na "The Nurses", aende "Comrades in Arms" vipande vyote viwili, apite "What's Up, Doc?", ndipo afike kwenye sehemu ya mwisho. Na kama anatumia DVD, zina chaguo la kuzima kicheko. Akizime.